Kitani cha Bibi na Joho la Mteutoni

Stara Lipka, 9 Aprili 2008

Bogna,

Hivi mikono yako haikuona haya? Mtu anakuja kula Pasaka kwa bibi yake, analazwa kwenye godoro la manyoya, anafungiwa mayai na soseji za njiani, halafu anaondoka na kitu cha watu kutoka chini ya kasha! Hata wanajeshi wa Kijerumani walipopita hapa nikiwa mdogo walianza kwa kugonga mlango.

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekasirika, lakini salamu natoa, sisi si wanyama. Mimi ni mzima. Goti linauma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kila siku. Korongo wamerudi kwenye nguzo ya umeme na wameshaanza kugombana. Pelagia jirani kanunua jiko la gesi, anaita watu waende kulitazama linavyochemsha maji, utadhani maji yangu ya kuni hayachemki.

Sasa sikiliza. Jana kulikuwa na jua, nikatoa vitu kashani nivianike. Mablanketi yapo. Taulo za harusi yangu zipo. Chini kabisa, pale kilipolala kitani cha mama yangu, robota zima ambalo mimi sijawahi kuligusa kwa mkasi, nikakuta shuka. Shuka la dukani, jipya, limekunjwa vizuri, linanuka sabuni ya mjini. Mwizi wa kawaida huchukua akaenda zake. Huyu wangu kaweka kitu badala yake, ili kizee akipapasa asijue. Hapo ndipo uliponichoma.

Nilimshuku Pelagia kwanza, sisemi uongo, kwa sababu ana ufunguo wangu. Lakini Pelagia angeiba, angeiba birika la fedha. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unanichimba ile Jumamosi Kuu. Bibi, hiki ni kitani halisi? Bibi, hiki kilifumwa kwa mkono? Bibi, blanketi hili ni sufu tupu au wamechanganya? Nikadhani mtoto anapenda mambo ya kwao. Kumbe unakagua bidhaa!

Nani kakutuma? Ni mwanaume? Au ni wale watu wako wa kwenye picha uliyonionyesha, wenye kofia zilizochongoka, wameshika mishumaa? Padri alituonya kanisani kuna makundi huko mijini yanawavisha vijana majoho na kuwatenga na wazazi wao. Nijibu kwa barua. Usinipigie simu. Kwenye simu unalia, na mimi nikisikia kilio nasahau nilichotaka kusema.

Kitani kile kina kazi yake, na kazi yenyewe iko karibu. Nakitaka.

Bibi yako,
Genowefa


Toruń, 28 Aprili 2008

Bibi mpenzi,

Milele na milele, amina. Nakubusu mikono yote miwili, hata ule unaotaka kunizaba kofi. Mimi sijambo. Kule duka la dawa tumepata meneja mpya, anatupangia hata namna ya kucheka na wateja. Soseji ziliisha siku ya pili, zilikuwa tamu mno.

Bibi, hili si dhehebu. Ni kikundi cha watu wanaopenda mambo ya enzi za wafalme. Tuna fundi bomba, tuna walimu, tuna dereva wa tramu. Kila Julai tunakwenda Grunwald, uwanja ule ule walipopigana baba zetu na Wateutoni, wale askari watawa wa Kijerumani, tunalala hemani, na Jumamosi tunaigiza ile vita mbele ya watu. Mishumaa uliyoiona ni kwa sababu tochi hairuhusiwi kambini. Kila kitu lazima kiwe cha wakati ule, hadi kijiko.

Tatizo ni mavazi. Wako mafundi wanaoyashona kwa kazi hii, lakini ukiuliza bei unatoka dukani kinyumenyume. Kwa hiyo wasio na uwezo nawavisha mimi. Siku ambayo duka la mitumba linauza kwa kilo nakuwa mlangoni kabla halijafunguliwa. Naokota mablanketi ya jeshi, vitambaa vya meza, mapazia ya bibi za watu. Blanketi moja la sufu linatoa kofia inayoshuka hadi mabegani na soksi ndefu za miguu yote miwili. Koti la ngozi lililochanika linakuwa mkanda na mfuko. Vipande vya sufu vinavyobaki navikunja navishona vinakuwa vifungo. Mishono ya ndani kabisa napitisha cherehani, lakini ya nje yote ni mkono, kwa sababu kuna Bwana Ambroży.

Bwana Ambroży anakaa penye kamba ya kuingilia kambini. Anakugeuza pindo, anachomoa uzi, anauchoma kwa kibiriti. Uzi ukiyeyuka, ni wa kiwandani, unarudi nyumbani. Ukiwaka kama karatasi, anausugua vidoleni, na ukiwa laini mno ni pamba, na pamba wakati ule ilikuwa ya matajiri wa mbali, unarudi pia. Habishiwi.

Kuhusu kitani, niliona kimelala tu chini, nikadhani umekisahau. Nikakuachia shuka zuri, halihitaji hata pasi. Nilitaka kukuambia, haraka ya basi ikanisahaulisha. Kitani kiko salama, usiwe na wasiwasi. Ni kazi gani hiyo iliyo karibu?

Mjukuu wako,
Bogna


Stara Lipka, 8 Mei 2008

Bogna,

Tumsifu Yesu Kristo. Viazi vimeshaingia ardhini, nimepanda mwenyewe, usidhani nimekaa. Pelagia kaunguza supu ya kiazi chekundu kwenye lile jiko lake la ajabu, moshi ulitoka hadi dirishani, nami nikajifanya sikuona. Barua hii nimeigandisha kwa uji wa unga, maana posta yetu kuna mtu anapenda kusoma. Ukikuta imefunguliwa niambie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeniandikia habari za kijiko, za kofia, za soksi, za kibiriti cha Bwana sijui nani. Ukurasa mzima! Kitani changu umekipa mstari mmoja: kiko salama. Mimi sikukuuliza kama kiko salama. Nimeuliza kiko wapi. Mtu ambaye kitu anacho angesema, Bibi, kiko kabatini kwangu, rafu ya juu. Salama ni neno la mtu anayesimama mlangoni ili usichungulie ndani.

Umeuliza kazi. Haya, soma ukiwa umekaa. Ile ni sanda yangu.

Mama alilima kitani mwenyewe, akakiloweka bwawani, akakisokota, akakifuma kipupwe kizima karibu na jiko. Ukingoni alipitisha uzi mwekundu, wake tu, hakuna mwanamke mwingine hapa aliyeweka hivyo. Alikata mara moja, nusu yake, nusu yangu. Yake tulimtandikia jenezani, tukamfunika nayo hadi kidevuni. Yangu nimeitunza tangu hapo. Haitakiwi mkasi mwingine, na haitakiwi fundo hata moja, maana sisi huku hatufungi fundo kwenye nguo ya maiti, asije akanaswa njiani. Ulikuwa hujui? Ungeuliza! Mtu hatangazi sanda yake mezani siku ya Pasaka, lakini mtu mwenye akili akikuta kitu kimefichwa chini ya vitu vyote, ajue hakijasahauliwa.

Halafu unaniwekea shuka lisilohitaji pasi. Nizikwe kama mgeni wa hoteli!

Kilete kabla ya Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Mwezi wa saba naenda Białystok kutazamwa macho, nataka nyumba iwe imenyooka kabla sijaondoka. Ni macho tu. Usianze.

Genowefa


Stara Lipka, 2 Juni 2008

Bogna,

Sikukuu imepita. Maandamano yamepita mbele ya nyumba yangu, watoto wamemwaga maua barabarani, na mimi nimesimama langoni nikitazama kituo cha basi badala ya kumtazama Padri. Hukuja, na barua hukuandika.

Tumsifu Yesu Kristo, ingawa sijui kama bado unajibu.

Sasa nakwambia nilichokiona. Binti yake Pelagia amekuja na kompyuta yake ya kufunga na kufungua. Nikamwambia, nitafutie kikundi cha Bogna cha Toruń. Wala hakutafuta sana. Mko pale mnacheka. Katikati kuna jitu refu lenye ndevu za mbuzi, limevaa joho jeupe hadi miguuni, na begani lina msalaba mweusi.

Mteutoni!

Nikamwambia binti, ikuze hiyo picha. Akaikuza. Kuza tena. Pelagia pembeni, "Genowefa, unataka maji?" Sitaki maji. Nataka pindo. Na pindoni, palepale juu ya viatu vyake vichafu, nikauona uzi mwekundu wa mama yangu.

Pelagia alinitazama, nami nikamwambia macho yamechoka. Sitampa raha hiyo.

Bogna, hapa kwetu watoto wakilia usiku bado wanatishiwa watu wale wa msalaba mweusi, waliochoma vijiji na kuswaga watu kama ng'ombe. Nyanya yangu mkubwa angekufa mara ya pili. Kulikuwa hakuna Mpoland wa kumvisha? Na huyu ndevu ni nani? Barua nzima umeandika, jina lake hujalitaja hata kwa bahati mbaya. Fundi bomba umemtaja, dereva umemtaja, hadi mchoma nyuzi umemtaja. Unayemficha ndiye aliyevaa.

Umekata? Niambie kama umekata.

Genowefa


Toruń, 14 Juni 2008

Bibi,

Milele na milele, amina. Barua yako haikufunguliwa na mtu. Nilianza kujibu ile ya Mei nikaichana, nikaanza tena nikaichana.

Nimekata, Bibi. Nilikuwa nimeshakata hata kabla hujafungua kasha. Niliporudi tu kutoka kwako nilikitandika sakafuni jikoni, nikakikata vipande, nikaviunga ubavu kwa ubavu kwa sababu kitani chenyewe ni chembamba kwa upana. Sikukata pembe wala duara, vipande vyote ni vya kunyooka. Ukingo wako mwekundu niliuacha kwa sababu ulikuwa mzuri. Uliposema ni sanda nilikaa chini palepale kwenye ngazi na bahasha mkononi.

Anaitwa Radek. Ndiye dereva wa tramu. Sikumtaja kwa sababu ukishapata jina la mtu unampeleka kwa Padri, kwa Pelagia na kwa wafu wote wa ukoo. Mwaka jana nilimshonea joho la shuka la pamba. Bwana Ambroży aliuchoma uzi mbele ya watu wote, akamwambia, "Kijana, umekuja vitani na kitanda chako." Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Radek alisafiri usiku kucha kurudi nyumbani, na hakunilaumu hata kidogo. Ningeona afadhali anilaumu. Nikasema mwaka huu nitampa kitani ambacho hakuna wa kukigusa. Na lazima wawepo Wateutoni, Bibi, vita haichezwi na upande mmoja. Kila mwaka wengine wanapiga kura nani awe adui. Yeye hukubali tu, kwa sababu hakuna anayetaka.

Nilimsomea barua yako. Alivua joho akalikunja, akaliweka juu ya kabati na hataki hata kulitazama. Amesema haendi Grunwald tena. "Siwezi kukimbia na sanda ya mtu aliye hai," ndivyo alivyosema. Nami sijui nifumue sasa au nifanye nini. Sema neno, nitafumua leo.

Lakini sasa na mimi nakuuliza, Bibi, maana huwezi kuwa wewe peke yako wa kushuku. Nilimpigia Pelagia. Nilimuuliza tu hali ya hewa. Akaniambia umegawa kuku wote. Nani hugawa kuku kwa sababu ya macho? Kuku huwalishi kwa macho, unawalisha kwa mikono. Na umelipa mchimbaji mkokoteni wa mchanga upelekwe makaburini kwa Babu, "pasawazishwe". Kwa nini pasawazishwe sasa? Unakitaka kitani kabla ya Julai. Barua zako zote zinasema kabla, kabla, kabla. Kabla ya nini?

Bogna wako


Stara Lipka, 24 Juni 2008

Bogna,

Kumbe na wewe ni wa damu yangu, unanusa. Lakini kumpigia Pelagia nyuma ya mgongo wangu! Sasa anatembea kijiji kizima amekunja uso wa msiba, ananiletea keki. Nimeila keki, kwa sababu siyagi yake ni nzuri, lakini nimemwambia asiache sahani kwangu kama anayezoea njia.

Tumsifu Yesu Kristo. Leo ni Yohane Mbatizaji, jana wasichana walitupa mashada ya maua mtoni kubahatisha ndoa, moja limekwama kwenye matete ya Pelagia na ameanza kuhesabu wachumba.

Si macho. Ni tumbo. Kuna kitu kimeota humo, watakipasua Alhamisi tarehe kumi na saba mwezi wa saba. Daktari ni kijana, mikono laini kama ya karani, anasema "tutaona" kila baada ya sentensi. Mtu anayesema "tutaona" simwamini, maana yeye ndiye ataona, mimi nitakuwa nimelala. Sikukuandikia kwa sababu ungekuja kuninyatia chumbani unasikiliza kama bado napumua. Nakujua. Haya, umejua. Usilie juu ya karatasi, wino utachuruzika.

Sasa habari ya joho. Siku tatu nilikuwa nakuandikia kichwani fumua, fumua leo, mlete huyo dereva nimpige na ufagio. Asubuhi nikaamka nikajiuliza swali ambalo sikukuuliza wewe, kwa hiyo nikamuuliza mwalimu wa hapa. Nikamwambia, mwalimu, hiyo vita yao ya kuigiza, mwishoni inakuwaje? Akasema, "Bibi Genowefa, inakuwa kama ilivyokuwa. Wateutoni wanapigwa." Nikamuuliza kila mwaka? "Kila mwaka." Hata wakijitahidi? Akacheka, akasema hata wakijitahidi.

Basi. Mwambie Radek anakwenda.

Sanda ya binti wa mama yangu haitalala juu ya kabati la mtu kwa sababu dereva ana huruma. Imekatwa, imekatwa, mkasi haurudi nyuma. Akaivae, apite penye ile kamba, Bwana Ambroży achome uzi wa mama yangu aone unavyowaka, halafu apigwe na Wapoland mbele ya watu wote. Mimi hapa nitakuwa nimekaa nikijua kwamba mwaka huu Mteutoni mmoja ameanguka ndani ya nguo yangu. Si kila mwanamke anapata hilo. Lakini afe vizuri. Asianguke kifudifudi, doa la majani mabichi halitoki kwenye kitani. Achague mahali pakavu. Na asife mapema kwa uvivu ili akalale, nimewaona vijana wa siku hizi.

Bado simwamini. Mtu akikubali kila mwaka kuwa adui kwa sababu wengine hawataki, ama ana moyo mzuri ama ana kitu anachotaka. Nitamwangalia mwenyewe.

Wewe sasa fanya hivi. Vita ikiisha Jumamosi, usingoje karamu yao. Fumua msalaba usiku huohuo, na vinyuzi vyeusi uvitoe kwa sindano kimoja kimoja, usivute. Osha kwa maji ya majivu, na dawa ya dukani ya kupausha isikaribie. Kausha kwenye nyasi fupi, si kamba. Kisha fumua maungio yako yote, maana najua umefunga mafundo kila mahali ili kumpendeza mchoma nyuzi. Unga upya bila fundo. Mwisho wa uzi urudishe chini ya mshono wake, urudishe tena, utashika. Vipande viungane ukingo kwa ukingo, nyekundu iwe upande wa miguu.

Jumanne uwe hapa, na yeye abebe mzigo. Jumatano nitaukagua mshono wote kwa vidole, na nikikuta fundo utafumua mbele yangu.

Ila ungio la mwisho, lile la katikati, usilishone. Liache wazi kutoka juu hadi chini, uzi ukining'inia na sindano yake. Mtu hazikwi na sanda ambayo haijaisha, hata huyo kijana wa "tutaona" analijua hilo, na asipolijua mwambie wewe akiwa ananawa mikono. Utakaa hapa kwangu na hiyo sindano, wala usiishike mpaka nirudi kutoka Białystok kwa miguu yangu na nikwambie mwenyewe kwamba sasa unaweza kushona. Na usitegemee nitakwambia mwaka huu.

Genowefa